Vumbi la Bahari Kuu

Kuna watu kazi yao ni kupiga picha, na kuna watu kazi yao ni kuziosha zikishachakaa. Bi Usafi alikuwa wa kundi la pili. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, naye hakulikataa, maana mtu anayefuta kikombe kilichokwisha kufutwa angelikataa kwa hoja gani? Alifanya kazi katika karakana ya kusafisha filamu za zamani: chumba cha kuoshea, chumba cha kunakilia, na chumba cha kutazamia chenye mapazia mazito na viti vinavyolalamika ukivikalia. Humo ndani vumbi halikuwa na rafiki hata mmoja.

Mwaka ule karakana ilipata kazi tamu. Jumba la makumbusho lilikuwa linaandaa ukumbi mpya wa kuonyesha jinsi binadamu alivyojifunza kupiga picha chini kabisa ya bahari, na makopo ya mikanda yakaanza kumiminika. Bi Usafi, ambaye miaka nenda miaka rudi alikuwa akiosha hotuba za wakubwa na sherehe za kufungua madaraja, akajikuta anasahau hata kula. Aliona kamera za mwanzo zilizofungiwa ndani ya masanduku yenye kioo, samaki wakipita mbele yake ni vivuli vitupu. Aliona wazamiaji wenye makofia ya shaba wakipiga hatua za mtu aliyekunywa akapitiliza. Aliona taa kubwa zikiteremshwa kwa minyororo, na viumbe wa huko chini wakizikimbia kama wezi waliomulikwa. Kisha zikaja za siku hizi, kamera zinazoshuka zenyewe zikiongozwa kwa waya, mwenye kuziongoza yuko zake melini anakunywa kahawa. Hizo zilileta samaki wenye meno marefu kiasi kwamba mdomo haufungi, na kitu fulani laini, chekundu, kisichojulikana mbele wala nyuma, ambacho kila mtaalamu alikipa jina lake.

"Sasa huyu anakulaje?" Bi Usafi aliiuliza skrini. Skrini haikujibu, na swali likamkaa kichwani mpaka nyumbani.

Lakini kopo lililomkosesha raha halikutoka makumbusho. Lilitoka chini ya kitanda cha mjomba wake.

Mjomba huyu, kaka wa mama yake tumbo moja, mtaani walimwita Kapteni, na jina lenyewe lilikuwa la kejeli, kwa sababu hakuwahi kuongoza hata mtumbwi. Kuogelea hajui mpaka leo. Ila ujanani alikuwa mpiga picha, na siku moja alichukuliwa na meli ya utafiti iliyokuwa na chombo cha kuteremkia baharini, dude la chuma la mviringo lililoning'inizwa kwa waya mnene. Mabaharia waliliita chungu. Ndani ya chungu waliingia watu wawili, mtaalamu na mpiga picha, magoti yakigusana, mlango unakazwa kwa nati kutoka nje, halafu wanashushwa huku kila mmoja akijifanya haogopi.

Bi Usafi alikua na hadithi hiyo. Mjomba alimsimulia tangu utotoni, wakiwa jikoni wawili tu, sauti ya chini.

"Ukishuka, kwanza nyekundu inakufa. Shati langu lilikuwa jekundu, nikaliangalia, jeusi tii. Kisha njano, kisha kijani. Inabaki buluu, mpwa wangu, buluu ambayo hakuna duka linalouza kitambaa chake. Halafu nayo inakwenda, unabaki na taa yako tu."

"Halafu?" Bi Usafi aliuliza kila mara, ingawa alijua.

"Halafu nikamwambia mtaalamu, hebu tuzime taa. Akaniona zimeniruka. Lakini akazima."

Na hapo, kwa maneno ya mjomba, giza likawaka. Cheche hapa, cheche kule, juu na chini, zinawaka na kuzimika kabla hujamaliza kuziona. Mjomba akaipunguza mbio kamera yake mpaka kitufe kikakataa kwenda zaidi, ili kila picha ipate muda wa kunywa ule mwanga kidogo uliokuwapo, na akaupiga mkanda mzima hivyo mpaka ukaisha.

Sababu ya kunong'ona ilikuwa mama yake Bi Usafi. Asubuhi ya siku ile ya chungu, ujumbe wa redio uliingia melini: baba yenu hali mbaya, rudi nyumbani. Mashua iliyoleta chakula ilikuwa inageuza wakati uleule kurudi nchi kavu. Angeweza kuipanda. Akajiambia, nishuke leo tu, nitapanda inayofuata. Akapanda chungu. Alipofika nyumbani baba alikuwa ameshazikwa, na dada yake akamuuliza swali moja: uliona nini huko cha kumzidi baba? Mjomba akatoa kopo. Wataalamu walikuwa wameshautia mkanda dawa na kuutazama, wakasema ni giza tupu, umejaa uchafu, wakamwachia awe nao kama kumbukumbu ya safari. Hakuwa na cha kumwonyesha dada yake.

Basi tangu hapo ndugu hawa wawili waliishi nyumba moja, mjomba chumba cha nyuma, mama mbele na cherehani yake. Waliulizana habari za chumvi, walisalimiana vizuri, mmoja akiugua mwenzake alimpikia uji. Lakini neno bahari halikutamkwa mle ndani. Redio ikitangaza hali ya mawimbi, mama aliizima. Msicheke, nyumba nyingi zina neno lao.

Ukumbi wa makumbusho ndio uliomtia mjomba moyo. Akaja siku moja karakana na kopo lake kwenye mfuko wa karatasi, akakaribishwa kiti, na kabla hajasema shida yake akataka kujua mpwa wake ameona nini kwenye mikanda ya wengine. Bi Usafi akammwagia yote, makofia ya shaba, meno, kile kitu chekundu.

"Na wote wanawasha taa?"

"Karibu wote. Wa juzijuzi wanatumia nyekundu, wanasema viumbe wengi hawaioni."

"Afadhali. Maana wengine hao wameonyeshwa samaki waliopigwa na butwaa. Ukimwingilia mtu nyumbani kwake unamulika tochi usoni, utajua anaishije?" Mjomba alicheka, kisha kicheko kikamwisha. Akausukuma mfuko mezani. "Hebu niangalizie. Mashine zenu ni kali kuliko zile za enzi zetu. Kama kuna kitu, kitaonekana. Kama hakuna, basi nitajua nilimwacha baba kwa ajili ya giza, na nitanyamaza."

Bi Usafi alifungua kopo, na harufu ya siki ikampiga puani. Filamu za zamani zikianza kufa hunuka hivyo. Mkanda ukishanuka kiasi kile, unajikunja, unasinyaa, na mashimo yake ya pembeni yanaacha kuelewana na meno ya mashine. Huu ulikuwa umebakiwa na safari moja tu, mbili kwa bahati. Hakumwambia mjomba hilo. Alimwambia tu kwamba ataushika vizuri.

Mkuu wa karakana, aliyeitwa Bwana Muhuri kwa sababu hakuna karatasi aliyopata kuiacha uchi, alikubali bila maneno mengi, na kazi ikaenda kwa desturi ya pale. Kwanza mkanda unaoshwa. Huu Bi Usafi aliuosha mara mbili, kwa heshima ya mjomba. Kisha unapitishwa kwenye mashine inayonakili picha mojamoja na kuzitia kwenye kompyuta. Mwisho inakuja programu ya kufuta vumbi, na sheria yake hata mtoto anaielewa: kinachoonekana kwenye picha moja tu, na kwenye inayofuata hakipo, hicho ni vumbi, kifutwe. Kitu cha kweli hakichomozi na kutoweka ghafla. Mtu, samaki, daraja, vyote hukaa. Kwa sheria hiyo Bi Usafi alikuwa amesafisha mikanda isiyo na idadi, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Siku ya kutazama mjomba alikuja na koti lake la shughuli, limepigwa pasi mpaka linang'aa viwiko. Ajabu ni kwamba hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa mama, mkoba kifuani, uso hausomeki.

"Nimekuja kuona," alisema, akakaa.

Bi Usafi hakuthubutu kuuliza zaidi. Alizima taa, akawasha mashine. Skrini ikawa nyeusi. Ikaendelea kuwa nyeusi. Alingoja, akijua mikanda mingine huanza hivyo. Ilikuwa nyeusi safi, isiyo na doa, nyeusi ambayo siku nyingine angejisifia. Mjomba alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, shingo mbele, na akabaki hivyo mpaka mkanda ukaisha. Hakikutokea kitu.

"Ndiyo hii," mama alisema.

Akamgeukia kaka yake.

"Baba alikuulizia mpaka sauti ikamkatika. Kila mlango ukilia anasema, ndiye huyo amefika. Kumbe ulikuwa umekaa unatazama hii."

Mjomba alisugua magoti yake. "Labda niliota, dada," alisema. "Mle ndani hewa ilikuwa nzito. Mtu anaweza kuota macho wazi."

Hilo ndilo lililomchoma Bi Usafi kuliko maneno ya mama. Mjomba alichekwa, aliitwa Kapteni, aliambiwa anatia chumvi, na miaka yote hiyo hakurudi nyuma hata hatua moja. Leo alijikana mwenyewe, tena ndani ya chumba cha Bi Usafi, mbele ya skrini yake. Walipoondoka alibaki amesimama mlangoni, na roho ilimuuma kwelikweli.

Kesho yake Bwana Muhuri akagonga muhuri: mkanda mtupu. Nakala ya kwanza, ile ya kabla ya kufutwa vumbi, ikaondolewa kwenye kompyuta ili kupata nafasi, kama ilivyo ada. Mkanda wenyewe, uliokuwa umeachwa na mjomba, Bi Usafi aliupeleka kwa mkono wake kwenye pipa la mikanda iliyokufa, uani, maana siki ya mmoja huwaambukiza wenzake. Akarudi mezani kufunga kazi.

Ile programu ina kawaida ya kuacha mchoro, mstari mmoja unaopanda na kushuka kuonyesha imefuta vumbi kiasi gani na mahali gani. Hakuna anayeuangalia. Bi Usafi aliutupia jicho kwa mazoea tu, na damu ikamchemka. Mstari ulikuwa juu. Juu kuliko wa mkanda wowote aliowahi kuushika, hata ule uliofukuliwa stoo ya mkaa.

"Mimi?" alisema peke yake. "Mkanda niliouosha mimi, mara mbili?"

Mwingine angesema mashine imekosea, akaenda zake kunywa chai. Lakini mwanamke huyu ukitaka ugomvi naye, mwambie kaacha vumbi. Akaukuza mchoro mpaka ukajaa skrini, na hapo akaona jambo la pili. Katikati ya mkanda mstari uliporomoka taratibu mpaka karibu na chini kabisa, ukatulia huko, kisha ukapanda tena taratibu. Akaegemea kiti. Vumbi halina tabia hiyo. Vumbi halipumziki, likishaingia limeingia.

Alitoka mbio mpaka uani. Pipa lilikuwa refu na mkanda ulikuwa umeshafunikwa na mingine, kwa hiyo ilibidi ainame mpaka kiunoni, na alivyoonekana kwa nyuma sitaeleza, mtunzieni heshima yake. Akarudi nao ndani, ananuka siki mwili mzima, akaulaza kwenye ile meza yenye taa chini ya kioo, akashika kioo cha kukuzia.

Madoa yalikuwapo, yametapakaa kila mahali. Kwenye mkanda wa aina ile mambo hugeuka, giza huonekana angavu na mwanga huonekana mweusi, kwa hiyo doa la mwanga na chembe ya vumbi vyote ni vidude vyeusi, huwezi kuvitofautisha kwa haraka. Akachukua brashi laini, akapangusa kimoja. Hakikusogea. Akakipangusa kwa kitambaa chenye dawa. Palepale. Akasogeza jicho karibu zaidi. Vumbi hukaa juu ya mkanda na kingo zake ni kali. Hiki kilikuwa ndani ya mkanda wenyewe, kingo zake zimefifia kidogokidogo, kama wino uliodondokea karatasi mbichi. Akahamia cha pili, na cha tatu, akaenda kwenye picha nyingine, na nyingine.

Zilikuwa cheche. Kamera ya mjomba ilikwenda polepole mno, picha moja ilichukua muda mrefu, na cheche ilipata kuwaka na kuzimika ndani ya picha hiyohiyo moja. Kwenye inayofuata haipo. Na ile programu, kwa sheria yake nzuri, ikasema kisichokaa si kitu, ikazifuta zote, hata moja haikubaki.

Alikaa kwenye kigoda, akalia vya kutosha, akapangusa uso, akaenda kugonga mlango wa mkuu wake.

"Bwana Muhuri, ule mkanda si mtupu."

"Nimeshagonga muhuri."

"Najua. Njoo uone ulichokigongea."

Alikuja ananung'unika. Akainamia kioo cha kukuzia. Bi Usafi akamwonyesha brashi, akamwonyesha doa lisilosogea, akamweleza mbio za kamera.

"Hivi," Bwana Muhuri alisema hatimaye, bila kuinua kichwa, "ni mikanda mingapi ya baharini tumeshaipitisha kwenye ile programu?"

"Yenye taa haina neno. Samaki wanakaa, wanaonekana. Isiyo na taa..." Bi Usafi alisita. "Isiyo na taa nadhani wenyewe walishaitupa kabla haijatufikia. Nani anatunza mkanda wa giza?"

"Mjomba wako," alisema Bwana Muhuri, akavua koti, akakunja mikono ya shati.

Mashine iliukataa mkanda, kama Bi Usafi alivyohofia. Mashimo yalikuwa yamesinyaa. Basi wakaupitisha kwa mkono, wanalaza picha moja, wanainakili, wanasogeza, picha nyingine, yeye kashika upande huu na mkuu wake upande ule, siku baada ya siku. Bwana Muhuri, ambaye kwa miaka hakuwa ameshika kitu kizito kuliko kalamu, alijifunza upya kushusha pumzi kabla ya kugusa. Mkanda ulipasuka mara kadhaa wakauunga. Kipande cha mwisho kilivunjikavunjika mikononi mwao kama ganda la kitunguu, na hicho kikaenda na maji. Mahali fulani katikati picha zilikuwa tupu kabisa, na Bi Usafi alihuzunika akidhani hapo siki imeshakula kila kitu. Waliendelea.

Kazi ngumu ilibaki nyumbani. Mjomba alikubali mara moja kuja kutazama tena, na kukubali kwake kulimtisha Bi Usafi. Tangu siku ile alikuwa anakula nusu sahani na kuitikia ndiyo kwa kila anachoambiwa. Mama ndiye aliyekataa.

"Giza nimeliona," alisema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Au mmepata la rangi nyingine?"

"Mama, giza lile ni langu. Mjomba alileta mkanda una kitu. Mimi ndiye niliyekifuta, nikidhani ni uchafu."

Cherehani ikasimama. Mama alimgeukia, akamtazama toka juu mpaka chini.

"Wewe? Wewe unayefua mpaka vitambaa vya kudekia?"

"Mimi, mama."

Mama aliukata uzi kwa meno, akaukunja mshono wa watu, akauweka pembeni. "Ngoja nivae viatu," alisema.

Safari hii mjomba hakuvaa koti. Alikaa mstari wa mbele na mikono mapajani, na mama akakaa kiti cha pili yake kwa sababu ndicho kilichokuwa hakilalamiki sana. Bwana Muhuri alijibanza nyuma, akisema yeye anapita tu. Bi Usafi akazima taa.

Nyeusi. Kisha nukta moja, ikazimika. Mbili, upande wa kulia. Halafu polepole, kwa mwendo uleule wa kamera ya mjomba, zikaja chache, zikaja nyingi, zikajaa, zinawaka huku zinazimika kule, moja imejikunja, nyingine ni mstari wa nukta unaopotea kabla hujajua unaelekea wapi. Ukikazia macho moja, kumi zinakupita. Bi Usafi alikuwa amezigusa zote kwa vidole vyake, na bado mwili ulimsisimka.

Mjomba alifunika mdomo kwa mkono. "Ndizo," alisema ndani ya kiganja. "Ndizo hizo. Sikuota." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyajali.

Mama alikuwa hapepesi macho.

Ndipo upande wa kushoto wa skrini cheche zikaanza kukosekana. Hazikuzimika moja hapa moja pale, kama desturi yake. Zilikosekana kwa pamoja, kwa mpangilio, na penye kukosekana palikuwa na ukingo. Ukingo wenyewe ulikuwa umepinda, laini, na ulisogea kuelekea kulia bila haraka yoyote, ukifunika cheche zilizo mbele yake, na nyuma yake hakikubaki chochote. Ulivuka skrini yote. Giza likatulia pale kwa muda mrefu, mpaka Bwana Muhuri akasimama kutoka kwenye kiti chake na asijue kwamba amesimama. Halafu kushoto cheche ya kwanza ikarejea, ya pili, kundi zima, na ukingo mwingine, huu mwembamba, ukavutika kwenda kulia mpaka ukaisha.

Hizo ndizo picha tupu za katikati. Zikiwa mojamoja mezani, Bi Usafi aliziona ni uharibifu. Sasa zilipotembea, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kitu kikubwa, kisicho na mwanga wake chenyewe, kilikuwa kimepita kati ya kamera na zile cheche, kikachukua muda wake, kikaenda zake. Kisingeonekana kwa namna nyingine yoyote isipokuwa kwa cheche kilizozificha. Na zile cheche zikifutwa, nacho kimefutika.

Mkanda ulipofika mwisho hakuna aliyewasha taa.

"Kile ni nini?" mama aliuliza.

Tangu Bi Usafi azaliwe, hakuwahi kumsikia mama yake akimuuliza mjomba jambo lolote la baharini.

"Sijui, dada."

"Hujui vipi? Wewe ndiye uliyekuwa huko."

"Sikukiona." Mjomba alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Chungu kilikuwa na vidirisha viwili, kimoja mbele kimoja nyuma. Cha mbele kilikuwa cha kamera. Niliiwasha, nikaiacha iende, mimi na mtaalamu tukageukia kile cha nyuma tukawa tunagombania kuchungulia. Hiki kimepita mgongoni kwetu." Akacheka kidogo, kicheko kilichokaa vibaya. "Nilimwacha baba nikaenda kuona, dada. Na kikubwa kuliko vyote sikukiona."

Mama hakumtazama, alizungumza na skrini.

"La baba liko palepale. Sitaki udhani nimeliondoa."

"Najua."

"Alikuwa anakuita."

"Najua, dada. Hata mimi sijaliondoa."

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa. Kisha akafungua mkoba, akapekua, akatoa miwani yake ya kushonea, akaivaa.

"Mwanangu, rudisha nyuma," alisema. "Uende polepole zaidi." Akamgusa kaka yake kiwikoni. "Wewe tazama kule kinakotokea. Mimi nitatazama kinakoishia. Nataka kujua kama kina mkia."

Bi Usafi akarudisha.